‘Madame Livingstone’: Mhusika wa pili aliyezua ubishi Petite Barrière

KATIKA vitabu vingi vya katuni vinavyosimulia mambo ya kale, mhusika mkuu hupewa bunduki, farasi au ndege. Mhusika wa pili hupewa mzigo. Hutembea nyuma, huitika "ndiyo bwana", na hadithi ikikaribia mwisho huliwa na mamba ili mhusika mkuu apate nafasi ya kusikitika.

Wahusika wa namna hiyo nilifundishwa kuwatambua nikiwa shuleni Kigoma, Tanzania, ambako wazazi wangu waliishi ukimbizini na ambako nilisoma hadi kidato cha sita. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliwapanga ubaoni kwa chaki: mhusika mkuu, wahusika wasaidizi, wahusika wajenzi. Swali la mtihani lilikuwa lile lile kila mwaka, eleza jinsi mhusika msaidizi anavyomjenga mhusika mkuu. Yeye mwenyewe alitoka wapi na alikuwa anakwenda wapi, hatukuulizwa.

Leo nafundisha Gisenyi, wilayani Rubavu, si mbali na Petite Barrière, kivuko cha waendao kwa miguu kati ya Rwanda na Kongo. Msomaji anayepita hapo na karai la nyanya kichwani hahitaji kuelezwa palivyo. Lakini huenda hana habari kwamba kwa miezi kadhaa sasa kuna kitabu kimoja cha katuni kinachozunguka kati ya wanafunzi wangu na mabenchi ya depo zilizo karibu na mpaka, na kwamba kimezua ubishi ambao hata mimi niliyekipeleka sikuutarajia.

Kitabu chenyewe ni Madame Livingstone, kilichochapishwa na kampuni ya Glénat ya Ufaransa mwaka 2014. Mchoraji ni Barly Baruti, Mkongomani aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, ambaye pia ni mwanamuziki. Aliyetunga hadithi ni Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie, mkutubi aliyeandika sana juu ya katuni za Afrika. Mwaka 2021 kilitoka kwa Kiingereza pia. Nakala yangu ni ya Kifaransa, nililetewa na ndugu aliyeko Ubelgiji. Watu wa Goma huita vitabu vya aina hii bede. Wanafunzi wangu huita chochote chenye picha na viputo vya maneno manga, hata kama hakikutoka Japani. Nimeacha kubishana nao.

Hadithi inatokea wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kando ya Ziwa Tanganyika. Luteni Gaston Mercier, rubani wa jeshi la Ubelgiji, ametumwa kuizamisha meli ya kivita ya Wajerumani. Kwa kuwa hajui meli iko wapi hasa, anapewa mtu wa kumwongoza. Mtu huyo ni chotara, amevaa sketi kama ile ya wanaume wa Scotland, na anadai kwamba baba yake ni David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi maarufu. Kwa sababu ya sketi, watu wamempachika jina la Madame Livingstone.

Kwa hesabu ya mwalimu wangu wa Kigoma, mhusika mkuu hapa ni Mercier, kwa maana yeye ndiye aliyetumwa, yeye ndiye mwenye ndege. Chotara ni msaidizi. Lakini lililoandikwa kwenye jalada ni jina la msaidizi, na ukianza kusoma humwachi tena.

Meli yenye jina la mpita njia

Meli inayotafutwa ni Graf von Götzen, na jina hilo lina uhusiano na sisi wa huku. Mwaka 1894 Gustav Adolf von Götzen alikatiza Rwanda, akaonana na Mwami Kigeri Rwabugiri, akafika Ziwa Kivu na kuupanda mlima Nyiragongo. Yaani alipita hapa hapa petu. Baadaye akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, 1901 hadi 1906, miaka ambamo Vita vya Maji Maji vilianza. Wajerumani walipotaka meli kubwa katika Tanganyika, waliiunda Papenburg kwao mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaipakia katika masanduku yapatayo 5,000, wakaileta Dar es Salaam na kutoka hapo hadi Kigoma. Iliingia majini mwaka 1915. Julai 1916 waliizamisha wenyewe isitekwe, lakini kwanza wakazipaka mashine zake grisi zisiharibike. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la ziwa ambalo Livingstone aliliandika alipofika pande za kusini.

Meli hiyo naijua kwa macho. Sisi watoto wa Kigoma tuliisikia honi yake kabla ya kuiona. Mwaka 1997 ilibeba makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa wakirejea Kongo, na mwaka 2015 ikawabeba Warundi waliokwama Kagunga. Nikiwaeleza wanafunzi kwamba meli ya kwenye katuni ndiyo iliyosafirisha wakimbizi, hunitazama kama mtu anayenogesha hadithi.

Meli hii ilikwishapata umaarufu katika hadithi kabla ya Baruti. Mwingereza C. S. Forester aliigeuza kuwa riwaya, The African Queen, mwaka 1935, na mwaka 1951 ikatengenezwa filamu. Humo kuna mzungu mwanamume na mzungu mwanamke kwenye mashua. Wanakijiji wanachukuliwa na jeshi mwanzoni kabisa, halafu basi, hawana kazi tena katika hadithi.

Sketi nayo ina historia. Katika vita vya kweli, Waingereza wakiongozwa na Geoffrey Spicer-Simson walivuta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi Tanganyika, kwa reli, kwa mito na kwa kukokotwa porini. Desemba 26, 1915 waliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Huyu Spicer-Simson alikuwa na tabia ya kuvaa sketi, na wenyeji, Waholoholo, wakampa jina la utani kutokana na vazi hilo. Siwezi kuitazama sketi ya Madame Livingstone bila kumkumbuka ofisa huyo. Tofauti ni kwamba kwa ofisa sketi ilikuwa kituko cha mkubwa, na kwa chotara ni hati. Hana cheti cha kuzaliwa, hana barua, hana shahidi. Anavaa ushahidi wake.

Mama au Bibi?

Niliwasomea akina mama wa depo kitabu hiki kidogo kidogo, jioni, mizigo ikishahesabiwa, nikifasiri kutoka Kifaransa. Nilikwama kwenye jina. Ukisema "Mama Livingstone", kwa Kiswahili chetu sote maana yake ni mama aliyemzaa Livingstone, na mtu anayedai kuwa mtoto anageuka kuwa mzazi. Ukisema "Bibi Livingstone", mimi wa Tanzania nasikia nyanya yake, wenzetu wa Goma wanasikia mke wake. Tulicheka sana. Mwishowe tukakubaliana abaki na "Madame" yake, kwa kuwa aliyempa jina hilo hakukusudia heshima hata hivyo.

Swali la kwanza lilitoka kwa mama mmoja muuza vitenge kutoka Goma. "Mwalimu, huyu mwanaume anavala jipe juu ya nini?" Kabla sijajibu, mwenzake akamjibu: "Ni ya baba yake." Kwake jambo lilikwisha hapo.

Kwa mzee mmoja halikwisha. Huyo huvuka na bidhaa kwenye baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, kama wafanyavyo wenzake wengi wenye ulemavu wa miguu, na ana hesabu kali kuliko walimu wa hesabu ninaowafahamu. Aliniuliza Livingstone alikufa lini. Nikamwambia Mei 1, 1873, huko Chitambo, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Akatoa 1873 kwenye 1915. "Basi ana miaka 42 asipungue," akasema. "Na uso huu aliouchora fundi, unamwonaje?" Kitabu kikapita mkono kwa mkono chini ya taa, watu wakiuchunguza uso kama maofisa wa uhamiaji wanavyochunguza picha ya kibali. Wengine wakasema anafaa, wengine wakasema ni kijana mno, mwingine akasema machotara hawazeeki haraka. Mzee akahitimisha kwamba madai yanawezekana, ila hayajathibitika, na kwamba yeye asingemkopesha.

Hapo ndipo wasomaji walipogawanyika, na mgawanyiko wenyewe ulinigusa. Wafanyabiashara waliozaliwa na kukulia hapa mpakani walitaka ushahidi. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini tulimwamini, karibu wote, bila hata kungoja ukurasa wa kumi.

Sababu haiko mbali. Nilifika Rwanda mwaka 1998, nikiwa kijana. Nasema "nilirudi", ingawa nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Nilichokuja nacho ni cheti cha shule ya Tanzania, Kiswahili cha kidato cha sita, na maneno ya baba: jina la mlima wa babu, rangi ya ng'ombe wake, mti uliokuwa kwenye ua. Kila ofisi niliyoingia niliulizwa mimi ni mwana wa nani na wa mlima upi. Nilijibu kwa maneno hayo, maana sikuwa na mengine. Mti nilioutaja ulikuwa umekatwa zamani.

Na majina tulipewa. Waliotoka Uganda waliitwa Wasajja, waliotoka Zaire wakaitwa Wadubai, sisi wa Tanzania tukawa TZ. Mwenzangu mmoja aliyekulia Masisi husema kwamba aliitwa Mnyarwanda miaka yote aliyokaa Kongo, na alipovuka tu hiki kivuko akaitwa Mkongomani. Mtu kama huyo akimwona mwanamume kwenye katuni amepachikwa jina la kike kwa sababu amevaa kitu cha baba asiyeweza kumwonyesha, hahitaji mwalimu wa fasihi.

Pamoja na hayo, kuna jambo ambalo halijanikaa vizuri, na nililisema wazi mbele ya wasikilizaji wangu. Kwa nini lazima awe mtoto wa Livingstone ndipo asikilizwe? Livingstone alikuwa na watu wake. James Chuma na Abdullah Susi ndio walioiongoza safari ya kuubeba mwili wake kutoka Chitambo hadi pwani, Bagamoyo, safari ya miezi. Aliposhushwa kaburini Westminster Abbey, Aprili 1874, wao wawili hawakuwapo. Wale walijua njia pasipo kuwa watoto wa mtu yeyote mkubwa. Mzee wa baiskeli alinijibu kwamba fundi wa katuni anajua soko lake: kumwuzia mzungu hadithi ya mtu mweusi, humwekea kwanza mzungu mlangoni. Nadhani ana haki nusu. Nusu nyingine ni kwamba Baruti amelipia ushuru huo kisha akapitisha mzigo mkubwa kuliko ulioandikwa kwenye fomu.

Ili kuona ukubwa wake, mlinganishe chotara huyu na Coco. Mwaka 1930 Hergé wa Ubelgiji alianza kuchora safari ya Tintin nchini Kongo, na Coco ndiye kijana anayeajiriwa kumtumikia. Kazi yake ni kuogopa na kushukuru. Mwaka 2007 Mkongomani aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alifungua mashtaka Brussels akidai kitabu hicho ni cha kibaguzi, na mwaka 2012 mahakama ikayatupa. Nimewaonyesha wanafunzi kurasa za vitabu vyote viwili. Msichana mmoja alisema Coco hana jambo analolitaka. Nilikaa shuleni miaka mingi bila kusikia maelezo bora ya mhusika aliyeumbwa vibaya.

Wavulana, kama kawaida, walileta habari ya Japani. Wanamjua Yasuke, Mwafrika aliyefika huko mwaka 1579 akiwa na Wajesuiti na kuingia katika utumishi wa bwana wa vita Oda Nobunaga mwaka 1581. Huaminiwa kwamba alitoka Msumbiji. Yumo katika manga ya Yoshihiro Yamada iitwayo Hyouge Mono, yumo katika mfululizo wa katuni wa mwaka 2021, na mwaka 2025 akaingia katika mchezo wa kompyuta uliozua mabishano makubwa juu ya nani anastahili kuitwa samurai. Nobunaga alipouawa mwaka 1582, habari za Yasuke zinakatika. Jina aliloitwa na mama yake halikuandikwa popote. Nikawaambia wavulana: hapo penye kukatika ndipo mchoraji anapoanzia kazi.

Basi wakaniuliza, na hapa kwetu pamekatika wapi? Nikawapeleka uwanjani tunakoliona ziwa. Septemba 1914 Wajerumani waliokuwa Gisenyi waliiteka Idjwi, kile kisiwa tunachokitazama, na hadi 1916 mstari wa vita ulipita kati ya Gisenyi na Goma. Kisha Wabelgiji wakavunja mstari, Mei 1916 wakaingia Kigali, Septemba wakafika Tabora. Upande wa Kibelgiji pekee wapagazi wanahesabiwa kufika 260,000. Kwa Waingereza walipita milioni, na ndipo lilipozaliwa jina la Kariakoo, Dar es Salaam. Huku Bugoyi wanaume walichukuliwa kubeba, mashamba yakaliwa na majeshi, na ikafuata njaa ambayo wazee waliiita Rumanura. Wapagazi hao hawana katuni. Wengi hawana hata jina kwenye daftari.

Msichana yule yule ameanza kumchora mmoja. Amejaza kurasa 11 za daftari la mistari kwa kalamu ya wino. Mpagazi wake anabeba sanduku, na mbele yake yuko ofisa. Alipolipeleka daftari depo, akina mama walilisoma kama watu wa kazi. Kwanza walimkosoa ngata: kitambaa kimezungushwa vibaya, mzigo ungeanguka kabla ya kufika kona. Akafuta, mmoja akavua yake kichwani akamwonyesha namna ya kuikunja. Kisha mama wa vitenge akauliza, "Huyu muzungu anaijua njia?" Msichana akasema hapana. "Sasa juu ya nini yeye ndiye yuko mbele?"

Kurasa nne zimechorwa upya kwa sababu ya swali hilo. Mpagazi sasa anatangulia, na ofisa anaonekana juu ya bega lake, mdogo, akitokwa jasho. Picha imebadilika kabisa, kwa kuwa msomaji anauona uso wa mbebaji na si mgongo wake. Mimi sikugusa kitu.

Wakabishana pia juu ya lugha ya kwenye viputo. Kifaransa, alisema mmoja, ili kiuzwe. Msichana alikuwa na wazo la Kinyarwanda. Ilikubaliwa kwamba mpagazi aseme Kiswahili anapojibizana na askari, maana ndicho kilichokuwa cha jeshi, na Kigoyi anapozungumza peke yake. Mzee wa baiskeli aliongeza sharti lake: mtu huyo asidai kuwa mtoto wa mkubwa yeyote. Msichana akamwuliza, basi awe mtoto wa nani? Mzee akafikiri kidogo, akamtajia jina la babu yake mwenyewe, akamwandikia kwa herufi kubwa pembeni mwa ukurasa asije akakosea.

Kilichobaki hakijaamuliwa ni kilichomo ndani ya sanduku. Kuna wanaosema risasi, kuna wanaosema maharage yaliyochukuliwa kwenye shamba la mpagazi mwenyewe. Daftari kwa sasa liko Goma. Mama wa vitenge aliomba kulala nalo siku mbili amsomee mume wake, na msichana amemruhusu kwa masharti ya kutolikunja.